Barua zenu za mshubiri

Toleo lililopita niliutaja mshubiri kwa mistari michache tu, nikiwa nazungumzia ngozi inavyokauka kwa upepo huu wa Julai. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya presha na sukari. Nimezisoma barazani kwangu Nkuhungu, karibu na ndoo kuukuu za rangi nilizozitoboa matako na kupanda mishubiri. Kwa mgeni wa safu hii: nimesomea dawa, nimezigawa nyuma ya kaunta hapa Dodoma hadi nikastaafu, na mama yangu mzazi, Mgogo wa Mpwapwa, alitibu majirani kwa majani na mizizi. Kwa hiyo anayedharau mitishamba hanipati, na anayedhani kitu hakidhuru kwa sababu tu kimeota ardhini hanipati pia. Leo tunajibu ya kupaka. Ya kunywa nitayagusa pale yanapojipenyeza yenyewe.

*Shikamoo Bibi. Mwanangu wa miaka mitatu alivuta sufuria ya uji ukammwagikia mkononi na kifuani. Jirani mmoja alisema nipake mshubiri hapo hapo, mwingine akaja na dawa ya meno. Nilipaka vyote. Sasa amepona, ila kovu limebaki. Kwa siku nyingine, kipi kinatangulia? – Mama wa Chang'ombe*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hakitangulii hata kimoja. Yanatangulia maji.

Uji ni mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu unang'ang'ania. Moto unabaki ndani ya ngozi na unaendelea kuipika hata sufuria ikishaondolewa. Mvue mtoto nguo iliyolowa uji, isipokuwa ile iliyogandana na ngozi, hiyo iache. Kisha mmwagie maji ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20. Najua mtaniuliza, Bibi, maji ya dakika 20 Dodoma hii, dumu tunanunua? Weka beseni chini ya mkono wa mtoto, chota kwa kikombe, mwagia, yaliyoanguka yachote tena umwagie. Yakipata uvuguvugu, badilisha. Dumu moja la lita 20 linatosha mkono mdogo na linabaki. Kwa kifua, mwagia palipoungua tu na sehemu nyingine umfunike kanga, maana mtoto mdogo hupoa mwili mzima upesi. Na hata kama wakati ajali inatokea ulikuwa sokoni ukarudi saa moja baadaye, mwagia tu. Ndani ya saa tatu maji bado yana faida.

Dawa ya meno, chumvi, unga, yai, samli, udongo wa kichuguu: vyote nimeviona vikifika kaunta vimekauka juu ya ngozi ya mtoto. Yai bichi linaweza kupeleka vijidudu kwenye jeraha. Dawa ya meno inawasha, na kabla ya kutibu itabidi muuguzi aisugue aitoe juu ya nyama mbichi. Kilio cha hapo kinazidi kile cha kuungua.

Mshubiri una nafasi yake baada ya maji, kwa ngozi iliyokuwa nyekundu tu na haijachubuka, kama ile unayoipata ukigusa mfuniko wa sufuria. Paka ute mwembamba mara mbili tatu kwa siku, uache ukauke. Hilo si la kusadiki tu. Mwaka 2007 watafiti wa Thailand walizijumlisha tafiti nne za watu walioungua na kuona kuwa waliotumia alovera, yaani mshubiri wa kufugwa, walipona kwa siku zinazokaribia tisa pungufu. Wenyewe walionya kuwa bidhaa zilizotumika hazikufanana, kwa hiyo ichukueni kama habari njema, si kama sheria. Tena zile zilikuwa dawa zilizotengenezwa kwa usafi, si jani la nyuma ya banda la mbuzi.

Ngozi ikifanya malengelenge, usiyapasue na usiyapake kitu cha ndooni. Funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, likiwa usoni, mikononi, kwenye viungo vya kukunjia au sehemu za siri, au ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi na mtoto asiumie ukimgusa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mkono pamoja na kifua kwa mtoto wa miaka mitatu, mwanangu, ilikuwa hospitali. Chukua na kadi ya kliniki waangalie chanjo ya pepopunda.

Kovu lenyewe, kama limetulia na halivuti ngozi anapokunja mkono, lipake mafuta ya mgando na ulikinge na jua. Likivuta, mpeleke aonwe na wa mazoezi ya viungo mapema, kabla mkono haujazoea kukaa umekunjwa.

*Bibi, mimi fundi ujenzi huku Mtumba. Mikono yangu imepasuka kwa saruji. Nilikwenda kwetu Mpwapwa nikakata mshubiri wa mlimani, ule wenye maua mekundu, nikaupasua katikati na kusugulia mikono asubuhi na jioni. Badala ya kupona, mikono imewaka, inawasha na imetoa vipele. Je, ule wa mlimani ndio wenye nguvu zaidi au ndio mbaya? – Fundi*

Baba, barua yako ndiyo iliyonifanya niitoe safu nzima kwa mti huu.

Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti, na watu wengi wanavitumia kama kimoja. Chini tu ya ganda la kijani kuna utomvu wa njano, unaotiririka ukikata, mchungu ambao ndio shubiri yenyewe inayosemwa. Ndani zaidi kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, unaoteleza, usio na harufu kali. Ute ndio wa ngozi. Utomvu una kemikali iitwayo aloini na ndugu zake. Ukinywewa unaendesha tumbo kwa nguvu, na ngozi za watu wengine zikipakwa zinawaka kama ulivyowaka wewe. Ulipopasua jani katikati na kusugua, ulijipaka vyote viwili, na ule wa njano ndio unaotangulia kutoka.

Mshubiri wa nyumbani, huu wanaouita alovera, una majani manene ya kijani cha majivu, unazaa watoto wengi pembeni, na maua yake kwa kawaida ni ya njano. Umefugwa miaka mingi kwa sababu ya ute wake. Wa mlimani kwetu ni wa aina nyingine, na aina ziko nyingi: mmoja una madoa meupe majanini, mwingine una majani mapana yasiyo na doa na ukiukata unachuruzika njano kweli kweli. Ute wake mara nyingi ni haba na utomvu ni mwingi. Kwa hiyo kuuliza kama una nguvu, ndiyo, una nguvu, ila ni nguvu ya kitu usichokihitaji mkononi. Mama alipokwenda nao kwa ng'ombe na kuku sikumbishia. Kwa ngozi ya mtu alikuwa akiulaza kwanza, na nitakwambia alivyofanya.

Tena si kila kinachofanana na mshubiri ni rafiki. Kaskazini-mashariki mwa nchi, upande wa mpaka na Taita, uko mmoja ambao ukikatwa unanuka panya, na huo una sumu hasa. Hapa Dodoma sijakutana nao, lakini jani lenye harufu ya ajabu litupe na unawe mikono.

Namna ya kuandaa ni hii. Chukua jani la chini kabisa, la nje, kwenye mti uliokomaa. Majani ya katikati ni machanga, yaache. Likate karibu na shina, lioshe, kisha lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini. Njano itajichuruza. Mimi naliacha hadi nimalize kupepeta mchele, robo saa hivi au zaidi. Mama alikuwa akililaza juu ya jiwe lenye mteremko, kazi ni ile ile. Kata miiba ya pembeni, menya ganda upande mmoja kama unavyomenya tango, toa ute kwa kijiko, uoshe kwa maji safi hadi usione njano. Hapo ndipo unapaka. Uliobaki, kama una friji, weka siku mbili tatu kwenye chombo chenye mfuniko. Ukigeuka rangi ya waridi au kahawia, au ukinuka, mwaga. Kama huna friji usiweke, mti si upo hapo nje? Kata kingine kesho.

Kabla ya kupaka mahali pakubwa, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake saa kama hizo. Kama hakuna wekundu wala muwasho, endelea. Mtu ambaye vitunguu maji au vitunguu saumu vinamwasha mikono awe mwangalifu zaidi. Ngozi za namna hiyo wakati mwingine haziupendi mshubiri.

Sasa saruji. Hapa mshubiri wa aina yoyote utakuwa unafuta maji huku bomba liko wazi. Saruji mbichi inaunguza polepole, na ndani yake kuna chembe za kromiamu ambazo zikishaizoesha ngozi vibaya, ngozi inazikataa maisha yote. Vaa glavu za mpira, ndefu zinazofika juu ya kifundo cha mkono, na saruji ikiingia ndani ya glavu vua unawe, kwa sababu saruji iliyofungiwa ndani ni mbaya kuliko ya nje. Usinawe kwa petroli wala kwa sabuni ya unga. Nawa kwa sabuni ya kipande, kausha, kisha paka mafuta ya mgando mazito kila baada ya kazi na kabla ya kulala. Acha mshubiri kabisa hadi vipele viishe. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari wa ngozi na umwambie kazi yako kabla hajakuuliza.

*Shikamoo dada. Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na miezi minane, mama yake anataka kumwachisha ziwa. Mimi nilipakwa shubiri, na mimi nikawapaka wanangu. Huyu binti amekataa, anasema ni sumu. Tuamue. – Bibi wa Bahi*

Marahaba mdogo wangu, ingawa nashuku tuko rika moja. Binti yako yuko upande wa sawa. Kinachomkimbiza mtoto ni ule utomvu wa njano, na akishalamba, kidogo kinaingia tumboni. Kwa mtoto wa kimo hicho kuhara si jambo dogo, hasa siku hizi za maji ya shida. Tena mtoto akishika ziwa halafu akafikicha macho, umepata kesi nyingine. Ninyi mlipona, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kuna waliopelekwa zahanati na hakuna aliyesema ni shubiri.

Pia mwambieni asikimbilie. Shirika la Afya Duniani linashauri ziwa liendelee hadi miaka miwili na zaidi, pamoja na chakula. Kama ana sababu zake, apunguze mnyonyo mmoja kwanza, wa mchana, akae siku kadhaa, apunguze mwingine. Wa usiku uwe wa mwisho. Na hapo kazi yako wewe bibi ni kulala na mjukuu. Mgongo wa bibi umewaachisha watoto wengi.

*Bibi, hapa kijijini kwetu Kongwa mzee mmoja anawadondoshea watu maji ya mshubiri machoni kutibu vikope. Anasema ni dawa ya nje tu, haimezwi. – Mwalimu*

Mwalimu, jicho si ngozi. Usiache mtu yeyote adondoshe jani lolote jichoni, liwe la mshubiri, la mwarobaini au la mti gani. Kioo cha jicho kikishachubuka na kuingia vijidudu kinaacha kovu jeupe, na kovu hilo halifutiki kwa majani.

Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, yaani vikope hivyo hivyo, tena kwa miongo, kwa hiyo msiwe ninyi wa kurudi nyuma. Ugonjwa huo unaletwa na bakteria, unapita kwa mikono, vitambaa vya uso na nzi wanaotua kwenye matongo ya watoto. Dawa yake ni azithromaisini, ile inayogawiwa kijiji kizima, pamoja na kunawisha watoto uso na kujenga vyoo. Kope zikishaingia ndani na kukwaruza jicho, inahitajika operesheni ndogo ya kope. Mzee huyo mwende mkamsalimie kwa heshima, na mtendaji wa kijiji awepo, lakini aache. Aliyekwisha kudondoshewa na jicho ni jekundu au linaona ukungu aende kliniki ya macho leo.

*Nimejifungua kwa operesheni wiki tatu zilizopita. Mshono ulifunguka kidogo mwishoni, nesi ananisafisha. Wifi yangu ameniletea mshubiri nijaze pale palipofunguka. – Mama mpya, Makole*

Hongera kwa mtoto. Jibu ni hapana, na hapa nina sababu ya kushika mkononi. Mwaka 1991 madaktari nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 21 waliokuwa na hali kama yako, mishono ya tumbo iliyofunguka. Waliosafishwa kwa njia ya kawaida walichukua wastani wa siku 53 kupona. Walioongezewa jeli ya alovera, siku 83. Ni wanawake wachache, lakini sioni sababu ya wewe kuwa wa 22. Endelea na nesi wako. Mwambie wifi ahsante, na kama anataka kusaidia afue nepi.

Ukiona usaha, harufu, homa au wekundu unaotambaa, usisubiri siku ya kusafishwa.

*Bibi, nasoma chuo hapa Dodoma. Nimenunua losheni ya "alovera ya kung'arisha" kwa mchuuzi Jamatini. Uso umekuwa mweupe kweli ndani ya wiki mbili, ila nikiacha siku mbili unawasha na kutoka chunusi. – Binti*

Mjukuu wangu, mshubiri haumfanyi mtu mweupe. Haujawahi. Kilichokufanya mweupe ndani ya wiki mbili ni kitu kingine kilichojificha nyuma ya picha ya jani, na mara nyingi katika mikorogo ni haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi. Uso unaowaka ukiacha kupaka ni dalili ninayoijua ya steroidi: ngozi imeshazoeshwa. Usipake tena, lakini usijitibu mwenyewe. Chukua chupa yenyewe uende nayo kwa daktari wa ngozi, maana namna ya kuacha anaijua yeye. Vipodozi sasa viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019; dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi irudishe kwenye meza ya mchuuzi hata kama inanukia vizuri.

*Mwanangu ana ualbino. Je, mshubiri unatosha kumkinga na jua? Tupo Manyoni. – Baba*

Hautoshi, baba, tena usiutegemee hata siku moja. Ute unapoza ngozi iliyokwisha kuungua, haulizuii jua. Anahitaji kofia pana ya kuzunguka kichwa chote, mikono mirefu, kivuli kuanzia saa nne hadi saa kumi, na losheni ya kukinga jua. Iko inayotengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, inaitwa Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza hospitali ya wilaya au chama chao mkoani namna ya kuipata. Kidonda chochote kisichopona mwezi mzima, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama, kipelekeni kikaonwe. Kansa ya ngozi huanza hivyo. Kisipakwe mshubiri kwanza "kuangalia".

*Bibi, kama unafaa ngozi basi ukinywewa si unasafisha na damu? – Msomaji, Kizota*

Hausafishi damu. Damu inasafishwa na figo na ini, usiku na mchana, bila kuombwa. Utomvu wa njano ndio ulioondolewa Marekani mwaka 2002 kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kuwa ni salama. Mjamzito asiuonje, anayenyonyesha asiuonje, na mgonjwa wa sukari au moyo anayemeza vidonge aongee na daktari kabla hajaanza kusaga jani kwenye blenda.

*Na kuku? Sisi Mvumi tunawakatia mshubiri kwenye maji wakati wa kideri. – Mfugaji*

Safu ni ya ngozi na kuku ana manyoya, lakini nimecheka, kwa hiyo najibu. Mama naye alifanya hivyo, kuku wengine wakapona na wengine wakafa, kama ambavyo ingekuwa pengine hata bila mshubiri. Kideri kina chanjo ya matone, tone moja jichoni kwa kila kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Hiyo ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inafika vijijini. Chanja kuku wakiwa wazima, maana wakishaanza kuinamisha vichwa umechelewa. Muone ofisa mifugo wa kata, na kama wafugaji mko wengi jiungeni mnunue chupa moja, kwa sababu ikishafunguliwa haitunziki.

Barua za mwarobaini nimezitenga. Zitajibiwa toleo lijalo, na ninyi mnaowanywesha watoto mafuta yake, acheni tangu leo, msisubiri toleo.